Nukta Mia Mbili kwa Inchi

Fomu haina mazungumzo. Inataka
milimita thelathini na tano kwa arubaini na tano,
nukta mia mbili kwa kila inchi,
nyuma pawe peupe, masikio yote mawili yaonekane,
na uzito usizidi kilobaiti hamsini.
Mwisho ni leo, saa sita usiku.

Mimi Nirapada, mwenye duka la fomu
nyuma ya stendi ya mabasi, hapa Dumka:
meza moja, skana moja, printa yenye kikohozi.
Nimewajazia watu ajira hata nimesahau
kwamba mwenyewe nilikataliwa mara saba.

Sonamuni Hembrom kaingia kalowa chapachapa,
simu kaifunga ndani ya mfuko wa chumvi.
Anaomba uuguzi msaidizi, hospitali ya wilaya.
"Picha ninayo," asema, "moja tu niliyotoka vizuri."

Naifungua. Arusi ya mtu. Ngoma, sahani za wali,
mtoto analia pembeni, na katikati yeye,
macho yamenyooka kama ya anayeapishwa.

Sabini na mbili, yasema kompyuta.
Nafuta, naandika mia mbili, nabonyeza.
Anausogelea uso wake kwenye kioo:
"Mbona sijabadilika?"

Hujabadilika, binti. Nukta ni zile zile.
Nimeziambia tu kwamba zikifika kwenye karatasi
zisogeleane, goti kwa goti,
kama wageni wa matanga.
Watu hawakuongezeka.
Jamvi ndilo lililokunjwa.

Kisha nakata.
Ngoma imekwenda. Wali umekwenda. Mtoto kanyamaza.
Umebaki uso,
na juu ya bega la kushoto
vidole vinne vyenye manjano ya arusi.

Kanuni ya saba: asionekane mtu mwingine.

"Vya nani hivi?"
"Vya dada yangu, Maino. Yuko Kerala,
anamenya kamba kiwandani,
mikono kwenye barafu tangu alfajiri."
Akanyamaza, akaukamua ukingo wa sari.
"Ada ya fomu katuma yeye. Jana."

Nimefuta mengi katika kazi hii:
chunusi, nzi, kivuli cha pua,
ndevu za mzee aliyetaka kuonekana hai.
Sijawahi kukiogopa kipanya.
Naazima kijani cha bega la pili,
nakipaka juu ya kidole cha kwanza.
Cha pili. Cha tatu nimekosea, nimerudia.
Cha nne kina pete ya bati,
na Sonamuni anaitazama mvua.

Kilobaiti hamsini na tatu.
Tatu zimezidi, na fomu haijui kubembelezwa.
Napunguza ubora, kidogo, kidogo tena.
Kinachokwenda kwanza ni mng'ao wa hereni,
halafu unywele mmoja juu ya sikio,
halafu ile alama ya surua shavuni
ambayo mama yake angemtambua kwayo gizani.
Arubaini na tisa. Inatosha.
Serikali itamjua kwa hicho kilichosalia.

Saa tano na dakika arubaini
umeme unapepesa, unafikiri, unarudi.
Maandishi ya kijani: imepokelewa.
Namba ndefu kama deni. Anaiandika kiganjani
kisha kwenye karatasi, kisha kiganjani tena.

Nikadhani ataondoka. Kakaa.
"Sasa nichapishie ile yenyewe."
"Ipi?"
"Ya mwanzo. Na kelele zake zote."

Simu yake ni ya bei ndogo, lakini picha ilikuwa pana,
inaweza kuvumilia mia tatu bila kuchanika.
Rupia ishirini, nikasema. Nikasema tena, kumi.
Printa ikakohoa, ikaanza juu:
paa la turubai, ngoma, mtoto na kinywa chake wazi,
hereni iking'aa, alama ya surua mahali pake,
mstari kwa mstari mpaka begani.

Hapo taa nyekundu ikawaka.
Wino wa manjano umekwisha.
Nikaitoa karatasi, nikaihesabu mbele ya balbu:
vidole vitatu vimetoka vizuri,
cha nne kimeishia kwenye pete.

"Nipe hivyo hivyo," akasema,
akaitia kwenye mfuko wa chumvi.